TAO LILILOGEUKA BONDE

Na Mwandishi Wetu

Siku tatu kabla ya arusi kitanda kilikuwa hakijawa tayari. Mama mmoja mkazi wa Temeke, aliyekiagiza kwa ajili ya binti yake, alikwisha kulipa zaidi ya nusu ya bei, na alipoingia karakanani asubuhi ile alitarajia kuukuta ubao wa mchago, yaani ule wa upande wa kichwani, umekatwa kwa tao la kupendeza mfano wa kilima chenye miteremko ya upole. Alichokikuta katika karakana hiyo ya mitaa ya Keko, jijini Dar es Salaam, ni mninga mzuri ulioinuka kwenye ncha zake mbili kama pembe za ng'ombe, na katikati ukabonyea kama tandiko la punda.

"Mwanangu, hiki ndicho nilichokuonyesha?" aliuliza.

Kijana aliyeketi mbele ya kompyuta aliinamisha kichwa, asijibu neno.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo pale kwa shughuli zake binafsi, kufuatilia meza iliyokuwa imechelewa kwa wiki mbili. Kwa kuwa nilikuwa na muda mwingi wa kungoja, nilipata bahati ya kushuhudia somo ambalo naamini litawafaa wasomaji wengi wa ukurasa huu, hasa wale wenye vijana nyumbani wanaojifunza kuchora kwa kompyuta, iwe ni ramani za nyumba, mageti, mabango ya biashara au kadi za arusi. Somo lenyewe lahusu jambo linaloonekana dogo kabisa: pembe za tao.

Yafaa nieleze kwanza kwamba kijana yule si mvivu wala si mzembe. Amesoma uchoraji wa kompyuta chuoni, na ndiye peke yake karakanani hapo anayeiweza mashine mpya ya kukatia mbao, ambayo huongozwa kwa maagizo ya tarakimu. Kitanda kilichotangulia kilikuwa na upana mwingine. Akaamua kuandika upya kwa mkono wake mstari mmoja wa maagizo badala ya kuchora upya umbo zima. Ncha ya kushoto ya tao aliiandika sawasawa. Ncha ya kulia aliiandika sawasawa. Nusu kipenyo cha duara, milimita 750, alikipiga hesabu bila ya kosa. Kilichomponza ni tarakimu moja. Katika lugha ya mashine hizo agizo la G02 humaanisha "pinda kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa", na G03 humaanisha "pinda kinyume cha mishale ya saa". Kisu kilikuwa kinatoka kushoto kwenda kulia, na ili kipande kilima ilipasa kifuate mishale ya saa. Kijana aliandika G03. Mashine, ambayo haina macho ya kuona wala haya ya kuuliza, ilishuka bondeni.

Aliniambia baadaye kwa nini alifanya hivyo. Katika programu aliyofundishiwa, tao likitajiwa mwanzo na mwisho wake huenda daima kinyume cha mishale ya saa. Naye akachukulia kwamba hiyo ndiyo desturi ya matao yote duniani.

MSUMARI UKO WAPI?

Mwenye karakana ni mzee aliyeanza useremala kabla ya kijana yule kuzaliwa. Nilitazamia makelele. Badala yake alimkaribisha mama yule kiti, akamwahidi kwamba Ijumaa kitanda kitatoka, kisha akaokota kipande cha plaiwudi, msumari, kamba na penseli, akamwita kijana wake.

Alipiga mstari ulionyooka wa milimita 1,200, ambao ndio upana wa ubao. Akaweka alama katikati. Kutoka alama hiyo akateremka milimita 450 na hapo akagongomea msumari. Akafunga kamba, akaipima milimita 750 hadi kwenye penseli, akaikaza, akaanza kwenye ncha ya kushoto na kuizungusha polepole mpaka ncha ya kulia. Tao likatokea, limepanda milimita 300 juu ya ule mstari, halina kona wala kigugumizi.

"Sasa nijibu," alisema. "Msumari uko wapi? Penseli imeanzia wapi? Nimeipeleka upande gani?"

Maswali haya matatu ndiyo kiini cha makala haya. Mtu anayechora kwa kamba hawezi kuyakwepa, kwa sababu mkono wake hauwezi kuanza kazi kabla ya kuyajibu. Anayechora kwa kompyuta huweza kuyapuuza yote matatu, akaandika namba, na bado akapata tao, lakini huenda likawa tao la mtu mwingine.

Labda msomaji atajiuliza mzee alizipata wapi zile 450 bila ya kugusa karatasi. Kila fundi mwashi anayepanga msingi wa nyumba anaijua kanuni ya tatu, nne na tano: upande mmoja ukiwa tatu, wa pili nne, na wa mshazari tano, kona iliyopo ni mraba. Zidisha kila namba kwa 150, utapata 450, 600 na 750. Hamsini na sita na mia nne, alizoea kusema mzee, zote ni watoto wa ukoo huo huo. Na ingawa hesabu yake hiyo ya mdomo sikuielewa, mstari wake ulikuwa sahihi. Kwa asiye na bahati ya kupata namba zinazokubaliana hivyo, kanuni ni hii: chukua nusu ya upana uizidishe kwa yenyewe, chukua kimo cha tao ukizidishe kwa chenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa kimo mara mbili. Hapa 600 mara 600 ni 360,000; 300 mara 300 ni 90,000; jumla ni 450,000; gawa kwa 600, jibu ni 750. Hicho ndicho nusu kipenyo. Ukiondoa kimo cha 300, zinabaki 450, ambao ni umbali wa kushuka hadi kwenye msumari.

Inastahili kukumbukwa kwamba kompyuta zenyewe zilianza kuchora kwa mtindo huo huo wa mzee. Mwaka 1963, katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Ili kupata tao, mchoraji aliweka kwanza kitovu. Kisha akachagua pahali pa kuanzia, na hapo nusu kipenyo kikawa kimefungwa. Tokea hapo kalamu yake ilikuwa na uwezo wa jambo moja tu, nalo ni kuamua tao liende mbali kiasi gani. Msumari, kamba, penseli. Ni baadaye, namba zilipoanza kuandikwa badala ya mkono kuonyesha, ndipo matata yalipoanza.

SIFURI YA SAA TISA

Pembe ni kipimo cha mzunguko, na kila kipimo kina sifuri yake. Mwendo wa nyuzi 90 hauna maana mpaka tujue umeanzia wapi. Baharia na mpima ardhi huanzia kaskazini na kwenda kwa kufuata mishale ya saa, hata mashariki ikawa ni nyuzi 90. Wanahisabati huanzia upande wa kulia, penye mhimili wa x, na kwenda kinyume cha mishale ya saa, hata juu ikawa ni nyuzi 90. Programu nyingi za uchoraji zimerithi sifuri ya wanahisabati, yaani mkono wa kulia wa kitovu.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Vitabu vya Kiingereza huieleza sifuri hiyo kwa mfano wa saa, vikisema ipo pale mshale unapoelekea tarakimu ya 3. Mwenye haraka ya kutafsiri huandika "saa tatu". Lakini kwetu sisi, inapotimu saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tarakimu ya 9, mkono wa kushoto! Mwanafunzi mtiifu atakayeifuata tafsiri hiyo ataanzia upande wa pili kabisa wa duara, na kila tao lake litakuwa limepinduliwa kwa nyuzi 180. Kwa lugha yetu sifuri iko saa tisa. Niliposema hivyo pale karakanani mzee alicheka sana, na kijana akaandika kwenye daftari lake.

Tukirudi kwenye ubao wa mchago: mstari wa wima upitao kwenye msumari uko kwenye nyuzi 90. Kila ncha ya tao iko nyuzi 53.13 kutoka kwenye mstari huo. Kwa hiyo ncha ya kulia iko kwenye nyuzi 36.87, na ya kushoto kwenye nyuzi 143.13, na tao lote lina upana wa nyuzi 106.26. Katika programu ya AutoCAD, ambayo ilianza kuuzwa Desemba 1982 na ambayo mamia ya vijana wetu wa uhandisi na ujenzi huisomea, desturi ya awali ni kwenda kinyume cha mishale ya saa. Mwenye kutaka kilima huko hana budi aanze na ncha ya kulia, amalizie ya kushoto. Akianza na kushoto kama ilivyo mazoea ya mkono unaoandika, akataja mwisho na nusu kipenyo, atapata bonde. Akianza na kushoto baada ya kutaja kitovu atapata ajabu kubwa zaidi: programu itazunguka chini, njia yote iliyobaki ya nyuzi 253.74, na kumletea tumbo la chungu badala ya mgongo wa kilima.

Angalau hiyo ni desturi moja, na mtu angeweza kuizoea. Lakini programu nyingine zina desturi tofauti, na sababu yake si ukaidi wa watengenezaji. Shuleni tulifundishwa kwamba mhimili wa y hupanda juu. Kioo cha kompyuta, kama kile cha televisheni kabla yake, kilijengwa kuchora mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, jinsi tunavyosoma gazeti. Hivyo kwenye kioo y huhesabiwa kwenda chini. Kanuni ya pembe haikubadilika: pembe huongezeka kutoka mhimili wa x kuelekea mhimili wa y. Ila kwa kuwa y imeelekezwa chini, mzunguko nao hugeuka na kufuata mishale ya saa. Ndivyo ilivyo katika michoro ya SVG, ambayo ilipitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2001, na katika programu ya Inkscape ambayo hutolewa bure na imejengwa juu ya kanuni hiyo. Lugha ya PostScript ya wachapaji, iliyotoka mwaka 1984, hufuata desturi ya shuleni, na ina maagizo mawili tofauti, moja la kila upande.

Kwa hiyo ukichukua pembe zile zile za 36.87 na 143.13 ukazipeleka katika programu ya aina ya pili, kilima kitaanguka chini ya kitovu na kuwa beseni. Pembe zinazotakiwa huko ni 216.87 na 323.13. Namba za kwanza hazikuwa na kosa, wala hizi hazina. Tofauti ni upande ambao y imeelekea.

MATAO MANNE

Jambo ambalo kijana alikiri kwamba hakuwahi kulifikiri, nami nakiri vilevile, ni idadi ya matao yanayoweza kuunganisha ncha mbili kwa nusu kipenyo kimoja. Mzee aliuliza swali hilo huku akipenga pua, kana kwamba anauliza bei ya nyanya. Nilijibu moja. Kijana alijibu mawili.

Ni manne. Msumari waweza kugongomewa milimita 450 chini ya mstari, au milimita 450 juu yake. Misumari miwili hiyo huchora maduara mawili yanayokatana kwenye zile ncha mbili. Kila duara limegawanyika sehemu mbili, ndogo na kubwa. Duara la chini hutoa kilima kidogo na chungu kikubwa kinachoning'inia. Duara la juu hutoa bonde dogo na kuba kubwa lililovimba kuliko ubao wenyewe. Vipande vidogo vina urefu wa kama milimita 1,391, vikubwa kama milimita 3,321. Anayenunua utepe wa mbao wa kuzungushia ukingo atauona upesi umuhimu wa kujua ni kipi alichochora.

Ndiyo maana agizo la tao katika SVG lina viulizo viwili vya ndiyo au hapana. Cha kwanza: kipande kikubwa au kidogo? Cha pili: kwa kuongezeka pembe, au kwa kupungua? Majibu mawili kwa maswali mawili hufanya manne, na kila jibu lina tao lake. Wengi huvibadilisha viulizo hivi kwa kubahatisha mpaka umbo lipendeze. Hilo halidhuru kwenye kadi ya arusi. Kwenye mninga ladhuru. Tena kuna hatari nyingine: mtu akitaja nusu kipenyo kilicho pungufu ya nusu ya umbali baina ya ncha, kwa mfano wetu chini ya milimita 600, hakuna tao linaloweza kufika. SVG haitakataa wala kuonya; itakikuza yenyewe kile nusu kipenyo mpaka kitoshe, na mchoraji atadhani ndicho alichokiandika.

Mengine niyataje kwa kupita. Nyuzi 360 za duara tumezirithi kutoka katika hesabu za Wababiloni wa kale, waliohesabu kwa sitini. Lakini lugha nyingi za kuandikia programu hupima kwa radiani, ambayo moja ni kama nyuzi 57.3, na duara zima ni radiani 6.283. Lugha ya kuchora iliyomo ndani ya vivinjari vya intaneti ni mojawapo. Aliyetaka robo ya duara akaandika mwisho 90 huko, ameagiza mizunguko zaidi ya 14, na atapewa duara zima. Aidha duaradufu, yaani duara lililobanwa, lina ujanja wake: programu nyingi hupima pembe zake kana kwamba halijabanwa. Katika duaradufu ambalo urefu wake ni nusu ya upana, alama ya nyuzi 45 ukiipima kwa pembeo ya shule utaikuta kwenye nyuzi 26.57. Kwa anayetumia Inkscape, ukivuta kishikizo cha duara huku kipanya kikiwa ndani ya mzingo utapata tao, na kikiwa nje utapata kipande kama cha mkate uliokatwa kutoka katikati. Ukibana kitufe cha Ctrl pembe itaruka kwa hatua za nyuzi 15. Watoto huligundua hili kabla ya wazazi wao.

SAA NANE MCHANA

Swali lililokuwa limebaki ni la fedha. Mninga si mbao ya kuchezea, na karakanani hapo desturi ni kwamba kilichoharibika hukatwa kwenye ujira wa aliyekiharibu. Kijana alikwisha kunidokeza kwa sauti ya chini kwamba ujira wake wa mwezi ule ulikuwa na kazi nyingine nyumbani kwao.

Mzee aliuzunguka ubao ule mara mbili. Ukingo wake wa pembeni ulikuwa na kimo cha milimita 800; bonde lilikuwa limeshuka 300. Akapima kutoka chini hadi penye kina cha bonde: 500. Akachukua rula, akapiga mstari mnyoofu kutoka upande hadi upande, akaziondoa zile pembe za ng'ombe kwa msumeno wa mkono. Uliobaki ulikuwa ni ubao wa miguuni, upana ule ule, kimo kinachofaa. Ule uliokuwa umetengwa kwa miguuni haungetosha kuwa wa mchago, kwa hiyo akatoa mbao nyingine kutoka kwenye akiba yake zikaunganishwe kwa gundi. "Hizi nitakukata," alimwambia kijana, "lakini si ile." Kwa hesabu yangu kijana aliokoa zaidi ya nusu ya hasara.

Siku ya pili nilirudi. Kijana alikuwa amechora umbo zima upya, na safari hii kabla ya kukata alitoa kisu, akafunga penseli mahali pake na kuiacha mashine ipite juu ya boksi kuukuu lililofunguliwa. Penseli ilipanda kutoka kushoto, ikafika kileleni, ikateremkia kulia. Mzee alisimama kando, mikono nyuma, akitazama ncha ya penseli na wala si kioo cha kompyuta. Hakusema kitu. Alikwenda tu kumletea kisu.

Kitanda kilitoka Ijumaa saa nane mchana juu ya guta, kimefunikwa kwa kanga mbili, na mama yule akitembea nyuma yake. Ubavuni mwa mashine sasa pana duara lililochorwa kwa chaki nyeupe, mshale wake ukionyesha upande wa kuzunguka, na kwenye mkono wa kulia pameandikwa: SIFURI, SAA TISA. Meza yangu naambiwa itakuwa tayari wiki ijayo.